Bandari Isiyo na Maji: Urithi wa Tabora na Ujiji Ambao Bado Uko Chini ya Udongo

Tabora haina bahari wala ziwa. Mji uko kwenye nyanda za juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na anayetoka hapo kwa miguu kwenda Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ana wiki kadhaa za safari mbele yake. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 hakuna kazi ya bandari ambayo haikufanyika Tabora. Shehena zilishushwa na kufungwa upya, bei zilijadiliwa, wapagazi walilipwa na wengine wakaajiriwa, wafanyabiashara walikopeshana mtaji, na misafara ilisubiri masika yapite ndipo iendelee na safari.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani ya Kaole, jirani na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857. Walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari yao. Walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman aliyekuwa na makazi na maghala hapo. Walikuwa na boti ya chuma inayofunguka vipande vipande, lakini wapagazi hawakutosha, ikaachwa nyuma. Walipofika Ujiji Februari 1858 ikawabidi wakodi mitumbwi ya wenyeji ili waweze kwenda kaskazini mwa ziwa.

Kisa hicho cha boti kinaeleza vizuri njia yote ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, bahari na ziwa vilikuwa ncha mbili za kamba moja, na Tabora ilikuwa fundo la katikati. Anayeichunguza bandari ya Ujiji bila kuyachunguza matembe ya Kazeh na ya Kwihara, jirani na Tabora, ameshika ncha moja tu.

Warumi na bandari iliyohama

Kuna nchi zimejifunza mapema kwamba bandari kongwe haitafutwi majini peke yake. Mfano mkubwa ni Roma. Mwaka 42 baada ya Kristo, Kaizari Claudius alianza kujenga bandari kubwa karibu na mdomo wa mto Tiber, mahali palipoitwa Portus. Baadaye Kaizari Trajan akaiongezea bwawa la pembe sita la kuegesha meli. Nafaka za Misri na mafuta ya zeituni ya Afrika Kaskazini zilipita hapo kwenda kulisha mji mkuu. Mto uliendelea kumwaga matope mwaka baada ya mwaka, na leo bwawa lile limezungukwa na mashamba na miti, kilomita kadhaa kutoka ufukweni.

Wajenzi walipokuwa wakiandaa kiwanja cha ndege cha Fiumicino, mwishoni mwa miaka ya 1950, walikutana na mabaki ya meli za Kirumi ardhini. Mwaka 1998 huko Pisa, kazi za reli ziliibua meli nyingine za kale pale San Rossore, nyingine zikiwa na shehena yake. Jijini Napoli, uchimbaji wa reli ya chini ya ardhi ulifikia bandari ya kale na kukuta meli zimelala kwenye matope. Mara zote hizo waliofukua walikuwa wajenzi wenye shughuli nyingine kabisa. Kilichookoa urithi huo ni utaratibu wa kusimamisha mashine mbao za kale zinapoonekana, na kuwaita wataalamu.

Mbao hizo zimedumu miaka elfu mbili kwa sababu matope yalizifunika na kuzuia hewa. Baharini, mbao iliyo wazi huliwa na viumbe wanaoitoboa hadi isibaki kitu. Kwenye maji baridi ya ziwa viumbe hao hawapo. Zaidi ya hapo, Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na kuanzia mita mia moja au mia mbili kwenda chini maji yake hayana oksijeni. Kwa chombo cha mbao kilichozama, mazingira ya aina hiyo ni hazina.

Roma ilifika mpaka kwetu

Msomaji anaweza kuuliza Roma inahusiana vipi na Unyamwezi, nchi ya Tabora. Katika karne ya kwanza, nahodha au mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa biashara ya Bahari ya Hindi alitaja soko la mwisho la pwani ya Azania, Rhapta, ambako pembe za ndovu zilipatikana kwa wingi, pamoja na vipusa na magamba ya kasa. Wataalamu hawajakubaliana Rhapta ilikuwa wapi hasa, lakini wengi wanaitafuta katika pwani ya Tanzania, na delta ya Rufiji ni miongoni mwa maeneo yanayotajwa sana. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuchimbua eneo la Rufiji na visiwa vya Mafia, na shanga za kioo alizozipata amezihusisha na biashara ya zama za Warumi.

Kwa hiyo hamu ya dunia ya nje kwa pembe za Afrika Mashariki ni ya kale sana. Karne ya 19 iliikuza tu, na kuisukuma mbali zaidi ndani ya bara, hadi Unyanyembe (eneo la Tabora), Ujiji na Manyema ng'ambo ya ziwa. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa binadamu waliotekwa na kuuzwa. Walivushwa ziwa kwa mitumbwi na majahazi, wakashushwa Ujiji, wakaongozwa kwa minyororo kuelekea Tabora na pwani. Anayetaka kusimulia ufukwe ule kwa haki lazima awahesabu na wao, tena wao kwanza, kwa sababu hawakuacha barua wala vitabu vya mahesabu. Habari zao nyingi zimebaki ardhini.

Ufukwe wa Ujiji uko wapi?

Kinachofanana zaidi na Portus katika nchi yetu ni Ujiji yenyewe. Henry Morton Stanley alipokutana na David Livingstone hapo mwaka 1871, maji ya ziwa yalikuwa juu. Mlango pekee wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na mimea. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron aliuona mwaka 1874. Ziwa likazidi kujaa, na mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Edward Coode Hore, baharia wa Shirika la Kimisionari la London aliyefika Ujiji mwaka huo huo, alikwenda Lukuga mwaka 1879 na kuona maji yakitoka kwa nguvu. Mpaka katikati ya miaka ya 1890, ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita kumi.

Mita kumi kwenda chini ni jambo kubwa katika ufukwe wenye mteremko mdogo. Mahali mitumbwi ilipovutwa mchangani pakawa viwanja, mashamba na mitaa. Ndiyo maana mgeni anayefika leo kwenye mnara wa kumbukumbu wa Livingstone hushangaa akiambiwa kwamba ziwa lilikuwa jirani. Ni lazima atembee ndipo alione. Ufukwe wa zamani, pamoja na Kawele, mtaa wa soko alioukuta Burton, uko chini ya Ujiji ya sasa.

Kilichomo humo tunaweza kukibashiri kutokana na maandishi ya wasafiri. Soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake, shanga zilizoitwa sofi, ambazo Burton alizifananisha na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Kulikuwa na nyaya za shaba, majembe ya chuma, chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, samaki wakavu, na vitambaa vya merikani na kaniki. Kitambaa huoza na chumvi huyeyuka, lakini shanga hubaki. Ushanga mmoja wa sofi uliodondoka mchangani mwaka 1860 uko vile vile leo, na mchunguzi akijua ulilala katika tabaka gani la udongo, karibu na vigae gani na majivu gani, anaweza kusema maji yalifika wapi na nani alikaa pale.

Meli iliyopita Tabora ikiwa ndani ya masanduku

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Kwa kipimo hicho, Wanyamwezi walibeba pembe, vitambaa, bunduki, na hata vyombo vya majini. Mwaka 1883 Hore aliifikisha Ujiji boti ya chuma ya wamisionari, Morning Star, iliyosafirishwa vipande vipande kutoka pwani. Kila bati lilivutwa kwa mikokoteni au kubebwa begani, likavushwa mito na mbuga kwa nguvu za watu ambao majina yao hayakuandikwa ubavuni mwa chombo.

Kisha reli ikaja. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli Graf von Goetzen iliyoundwa mwaka 1913 na karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ilifunguliwa, ikawekwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni. Meli yenye urefu wa mita 71 ikapita Tabora hivyo. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Baadaye ilifungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyoangamia Julai 1915 katika delta ile ile ya Rufiji wanakoitafuta Rhapta.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma, baada ya kupaka mitambo grisi nzito ili maji yasiiharibu. Wabelgiji waliinyanyua, ikazama tena. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na ilipofika Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mei 2015, miaka mia moja baada ya kushushwa ziwani, ilikuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwapeleka Kigoma.

Tuilinganishe na meli mbili za Kaizari Caligula zilizozama katika ziwa dogo la Nemi, karibu na Roma. Nazo zilikuwa na urefu wa mita 70 hivi. Serikali ya Italia ilipunguza maji ya ziwa zima, ikazitoa kati ya 1929 na 1932, ikazijengea jumba la makumbusho. Mwaka 1944, wakati wa vita, jumba liliungua na meli zote mbili zikateketea. Liemba ilizama, ikaibuliwa, ikatumika kwa vizazi vinne. Meli ya namna hii inastahili kuhesabiwa katika urithi wa taifa pamoja na magofu ya Kilwa.

Kazi iliyopo mbele yetu

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia hii ya misafara katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Sarah Croucher wamefanya upelelezi wa awali katika njia hiyo, ukiwemo mji wa Ujiji. Tembe la Livingstone lipo Kwihara na wageni hulitembelea. Lakini upelelezi wa awali ni mlango tu, na miaka ipatayo 20 katika orodha ya kusubiri ni mingi.

Wakati huo huo ardhi inafukuliwa. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Ni maendeleo tunayoyahitaji, na watu wa mikoa hii wameyasubiri kwa muda mrefu. Misingi ya nyumba inachimbwa Ujiji kila mwezi, na katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda tena na kula fukwe. Kila shimo linalochimbwa bila jicho la mtaalamu linaweza kuwa limepita katikati ya gati la kale, soko la shanga au kaburi la mtu aliyefia minyororoni, na udongo ukishapinduliwa haurudi katika tabaka zake.

Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Kinachotakiwa ni kuitekeleza kabla ya katapila kufika. Wanaakiolojia watembee mbele ya reli kutoka Tabora hadi Kigoma. Ufukwe wa 1871 upimwe na kuchorwa kwenye ramani za mipango miji za Kigoma-Ujiji. Ziwa lipigwe picha za sauti ili kujua vyombo vilivyozama viko wapi. Vijana wa Tabora na Ujiji wafundishwe kazi hiyo, kwa kuwa wao ndio watakaobaki nayo wataalamu wakiondoka.

Nawe unayesoma, kama ulipochimba msingi au choo uliokota shanga, kigae chenye nakshi au chuma usichokijua, usikitupe wala usimuuzie mpita njia. Kiache kilipo ukiweza, weka alama, na umwarifu ofisa utamaduni wa wilaya yako.