VIDONDA USONI MWA MTOTO WA PAKA

Paka hulinda mahindi yako ghalani. Hukamata panya wanaokula nafaka na kuleta magonjwa. Lakini mtoto wa paka mwenye vidonda usoni anaweza kuwaambukiza watoto wako. Mtazame mchana, penye mwanga. Kidonda chenyewe kitakuonyesha chanzo chake.

1. Choa. Manyoya hunyonyoka na kuacha mabaka ya mviringo yenye magamba. Ugonjwa huu huambukiza watu. Mtoto anayemkumbatia paka huyo anaweza kupata choa mwilini au mapunye kichwani. Mlete zahanati, na utuambie kwamba nyumbani kuna paka mwenye vidonda. Mapunye yanahitaji dawa ya kumeza. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi.

2. Ukurutu. Huletwa na wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho. Huanza kwenye kingo za masikio, kisha huenea usoni. Ngozi huwa nene na kufanya gaga. Paka hujikuna mpaka anatoka damu. Mtu anayemshika huweza kuwashwa pia.

3. Viroboto wa kuku. Utaona vitu vidogo vyeusi vimeganda kuzunguka macho na masikio. Viroboto hawa humnyonya damu. Fizi zake zikiwa nyeupe, yu karibu kufa. Safisha banda la kuku, na paka asilale humo.

4. Kuumwa na mnyama mwingine. Jeraha huziba juu, usaha hujaa ndani, na shavu huvimba. Hapa jihadhari sana. Kama aliyemwuma ana kichaa cha mbwa, paka naye anaweza kuupata ugonjwa huo. Akikuuma au akikukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Usingoje dalili. Zikishatokea, ugonjwa huo huua.

Je, ufanye nini? Usimpake paka dawa ya josho, dawa ya kupulizia mimea, wala mafuta ya taa. Paka hujilamba, na sumu hiyo itamwua. Mwone Bwana Mifugo. Yeye anajua dawa na kipimo chake. Huku ukimngoja, mtenge paka. Watoto wasimshike. Wewe ukimlisha, nawa mikono kwa sabuni.

Ukimtibu paka, umewakinga watoto, na ghala lako litabaki na mlinzi.