Tozo Ndogo Zinazojirudia Kwenye Salio la Simu

Huduma ya malipo ya kujirudia ni ile ambayo mteja huikubali mara moja, kisha ikaendelea kumtoza kila siku, kila juma au kila mwezi mpaka atakapoikataa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, na katika jiji la Mbarara lililo jirani, tozo za namna hii kwa watu wengi hazipitii benki. Hukatwa moja kwa moja kwenye salio la simu, mia mia, na kwa kuwa salio hilo hutiwa kidogo kidogo, ni vigumu kutambua kilichopungua na sababu yake.

Huduma zenyewe ni za aina nyingi. Upo wimbo anaousikia mpigaji badala ya mlio wa kawaida. Zipo jumbe za matokeo ya mpira, za utabiri wa nyota, za aya za dini, na chemsha bongo zenye ahadi ya zawadi. Zipo pia bando za intaneti zinazojinunua upya muda wake ukiisha. Mtu hujiunga kwa kubonyeza tarakimu moja tu, wakati mwingine kwenye ujumbe unaojitokeza wenyewe juu ya kioo cha simu, na simu ya nyumba nzima hushikwa na wengi, watoto wakiwemo. Nakivale kuna ugumu mwingine. Ujumbe kama huo kwa kawaida huja kwa Kiingereza, ilhali mpokeaji huenda anasoma Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali. Anabonyeza ili kioo kirudi kama kilivyokuwa, na tayari ameshajiunga.

Uzito wa kiasi kidogo cha kila siku ulionekana wazi Uganda nzima mwezi Julai 2018, serikali ilipoanzisha kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Watu waliandamana Kampala, wengine wakatafuta njia za kuikwepa, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Shilingi 200 kwa siku ni 6,000 kwa siku thelathini na 73,000 kwa mwaka. Huduma ya wimbo au ya jumbe ikitoza kiasi hichohicho, hesabu ni ileile, lakini hakuna anayeandamana, kwa sababu haikutangazwa bungeni wala redioni. Kwa familia ya wakimbizi iliyopunguziwa mgao wa chakula kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, na iliyopitia makato mengine tangu hapo, 6,000 kwa mwezi si pesa ya kuachia ipotee.

Utaratibu wa kulipia kabla huificha tozo kwa njia yake. Salio likiwa sufuri, huduma husubiri. Vocha ikiingia, hukata. Mtu anatia 1,000, anakuta 600, na lawama inakwenda kwa mtandao au kwa wakala aliyemuuzia. Kama alikopa salio siku ya nyuma, deni nalo hulipwa hapohapo, na makato mawili yakichanganyika huwezi kuyatenganisha kwa macho. Hata penye risiti za wazi, watu huchelewa kujiondoa. Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, katika utafiti wao wa mwaka 2006 juu ya vituo vya mazoezi Marekani, waliona wanachama wa kulipa kwa mwezi wakitumia zaidi ya dola 17 kwa kila ziara, wakati pasi ya ziara kumi ingewagharimu dola 10 kwa ziara. Waliojitoa walikuwa wamekaa zaidi ya miezi miwili tangu siku waliyofika mara ya mwisho. Hao angalau walijua kuwa ni wanachama.

Kipimo cha nyumbani kipo na hakihitaji simu ya gharama. Deni la salio likishalipwa, data izimwe kabisa, kwa sababu programu za simu janja huweza kula salio zikiwa kimya. Kiasi kidogo kitiwe jioni, kiandikwe, simu isitumike usiku, kisha salio litazamwe asubuhi na tena jioni inayofuata. Likipungua bila kupigwa simu wala kutumwa ujumbe, kuna huduma inayokata. Hatua ya pili ni kupiga namba 100, ya huduma kwa wateja ya MTN na ya Airtel, na kuomba kutajiwa kila huduma iliyounganishwa na laini. Swali liwe hilo hasa. Anayelalamika tu kwamba salio linaisha haraka huenda akashauriwa anunue bando. Huduma nyingi za jumbe hukoma kwa kutuma neno STOP kwenye namba fupi zilikotoka, na jibu la kuthibitisha lihifadhiwe. Bando ya kujirudia huzimwa kwenye menyu ileile ilikonunuliwa, na tangu hapo hununuliwa ya mara moja.

Kuna watu ambao njia hii huwakwamia katikati. Kabla ya Agosti 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ilipoelekeza kwamba kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho itoshe kusajili laini, wakimbizi wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Mhudumu akiuliza jina na tarehe ya kuzaliwa ya mwenye laini, mtumiaji hana jibu. Aliye bado na laini ya namna hiyo afadhali asajili mpya kwa jina lake, ahamishe kwanza pesa zilizomo kwenye ile ya zamani, na awape watu namba yake mpya.

Televisheni ni jambo jepesi zaidi. Ving'amuzi vya GOtv na StarTimes hulipiwa kabla, kwa hiyo mwezi usiolipwa hufunga chaneli tu bila kuzaa deni. Mwenye kulipia kwa ajili ya ligi ya Uingereza pekee anaweza kuacha miezi ya Juni na Julai, au kwenda kibandani siku ya mechi. Mjini Mbarara, wanafunzi na wafanyakazi wanaolipia programu kwa kadi ya benki wakumbuke kwamba kufuta programu kwenye simu hakufuti malipo yake. Ni lazima kuingia kwenye orodha ya usajili katika duka la programu na kusitisha humo.

Malipo mengine hufanana na hayo lakini hayafai kusitishwa ovyo. Sola ya kulipia kidogo kidogo ni deni. Ukiacha kulipa, taa hufungwa. Mchango wa engozi, chama cha vijijini Ankole cha kubeba wagonjwa na kuzika wafu, huonekana haufanyi kazi mpaka siku ya msiba, na aliyejitoa siku hiyo husimama peke yake.

Tozo ikiendelea baada ya kukataliwa, malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni, pamoja na tarehe na kiasi kilichokatwa, kisha UCC. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo humpa mtu haki ya kudai taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Pesa iliyookolewa isibaki kwenye salio, kwani itaishia kwenye maongezi. Katika kikundi cha akiba ambacho hisa yake ni 2,000, ile 6,000 ya mwezi hununua hisa tatu, na huwekwa kwenye kisanduku chenye kufuli tatu, kila ufunguo ukiwa kwa mtu wake.