Almasi Yenye Ufa Mbele ya Sonara (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tulieleza jinsi almasi zinavyopangwa kwa madaraja ya usafi. Leo jiwe limekwisha kununuliwa, lina dosari ndogo, na mwenyewe anataka litiwe kwenye pete. Je, litasalimika?

Wengi husema almasi ni ngumu kuliko kitu chochote, sasa itavunjwa na nini? Hapo mambo mawili yanachanganywa. Katika kipimo cha Mohs almasi ina namba 10, ya juu kabisa, maana yake haikwaruzwi ila na almasi nyingine. Kupasuka ni habari nyingine. Kwa jinsi kaboni ilivyojipanga ndani yake, jiwe hili lina mielekeo minne ambayo likigongwa kuifuata hupasuka kama gogo linavyofuata nyuzi zake. Mwaka 1908, huko Amsterdam, Joseph Asscher aliitegemea tabia hiyo kuipasua Cullinan, almasi ya zaidi ya karati 3,100, kwa ubapa wa chuma na pigo.

Basi ukubwa wa dosari si neno sana. Angalia ni ya aina gani na iko wapi. Punje ya madini mengine, kama garneti, iliyonaswa katikati ya jiwe tangu likiumbika chini ya ardhi, haimtishi sonara. Cha kuogopwa ni ufa mwembamba uliofika ukingoni, pale jiwe lilipo pana kuliko pote, kwa sababu pete hulishikia hapo hapo.

Tazama kazi yenyewe. Fundi hukata kikato upande wa ndani wa kila ukucha wa pete, hulikalisha jiwe humo, kisha huulaza ukucha juu yake kwa koleo. Nguvu ya mkono mzima hushukia eneo lisilozidi milimita moja hivi. Kikato kikienda upande, au chembe ya dhahabu ikisahaulika ndani yake, jiwe hubanwa kwenye nukta moja, na nukta hiyo ikiwa juu ya ufa, kipande kinaweza kubanduka.

Ndiyo maana siukubali ushauri uliozoeleka kwamba kila dosari ifichwe chini ya ukucha. Kwa punje, sawa, ifichwe. Kwa ufa, ukucha utaukinga na migongano ya miaka ijayo, lakini dakika za kuulaza ndizo za hatari. Sonara makini hulikagua jiwe kwanza kwa kioo kinachokuza mara 10, akiligeuza pande zote. Kama lina cheti chenye mchoro wa GIA, taasisi inayopima vito, huufuata: alama nyekundu ni za dosari za ndani, za kijani ni za juu. Kisha huligeuza jiwe mpaka ufa uangukie kati ya kucha mbili. Pengine huchagua ukanda mwembamba wa dhahabu laini unaolizunguka jiwe lote, akiukunja kidogo kidogo, upande huu kisha wa pili unaoelekeana nao, ili uzito ugawanyike. Jiwe lenye ncha hutiwa ukucha wenye umbo la V, na chini ya ncha huachwa nafasi ili isiguse chuma.

Moto nao una hatari zake. Pete ikirudishwa kupanuliwa au kutiwa lehemu, jiwe la moto likichovywa kwenye maji baridi, ufa unaweza kurefuka. Tena zipo almasi ambazo nyufa zake zimejazwa kitu mfano wa kioo ili zisionekane. Moto wa fundi huuharibu ujazo huo, na mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti inaweza kuudhuru pia. Muuzaji anayelificha hilo anamdhulumu mnunuzi, na anamdhulumu fundi atakayelaumiwa baadaye. Mwambie sonara wako kila unachokijua kuhusu jiwe kabla hajawasha moto.

Juma lijalo tutageukia tanzanaiti ya Mererani, ambayo ni laini kuliko almasi na kucha za pete huibana kwa shida zaidi.