Imeili ya duka: kuifungua tu kunatosha kuibiwa

Wauzaji wenzangu, tumezoea kuambiana "usibonyeze linki usiyoijua". Ushauri mzuri, endelea nao. Ila kuna wizi ambao hausubiri ubonyeze kitu. Unafungua imeili, unaisoma, kwisha habari.

Oktoba 2023 kampuni ya usalama ya ESET iligundua wadukuzi wanaoitwa Winter Vivern wakizifanyia hivyo taasisi za serikali huko Ulaya. Imeili ilijifanya imetoka kwa timu ya Outlook. Ndani yake, kwenye picha ya aina ya SVG, kulifichwa maagizo ya kompyuta. Aliyeifungua kwenye brauza, imeili zake zilinakiliwa na kutumwa kwa wezi.

Utasema hayo ni ya wakubwa, mimi nauza viatu Insta. Ngoja kwanza. Programu iliyokuwa na tundu ni Roundcube. Kama umelipia domeini, ukapewa imeili yenye jina la duka lako na unaisomea kwenye ukurasa wa webmail, huenda unatumia hiyo hiyo, maana huja pamoja na cPanel ambayo kampuni nyingi za hosti hutumia.

Tundu lenyewe wataalamu wanaliita XSS. Imeili siku hizi ni kama tovuti ndogo, ina rangi, picha na vitufe. Webmail inatakiwa ichuje maagizo yaliyojificha kabla hujaonyeshwa. Likiponyoka moja, brauza inadhani ni agizo la webmail yenyewe, na kwa kuwa wewe umeshalogin, inalitekeleza. Nywila ngumu haikusaidii hapo, mlango umeshaufungua mwenyewe.

Sasa fikiria: mtu anayesoma imeili yako anaweza kuomba nywila mpya ya Facebook ya duka, na linki inatua mikononi mwake. Anaweza pia kuwaandikia wateja wako, kwa anwani yako kabisa, "namba ya kulipia imebadilika". Mimi hilo ndilo linanitisha kuliko yote.

Roundcube walirekebisha tundu hilo kwa toleo 1.6.4. Agosti 2024 likaja jingine la aina hiyo hiyo, likazibwa kwa 1.6.8. Kwa hiyo usiridhike na "tulishasasisha mwaka juzi". Kazi hiyo ni ya kampuni ya hosti, wewe kazi yako ni kuwauliza: "Roundcube yetu ni toleo gani, na mmeweka la karibuni?" Wakijiuma-uma, hama. Wakati unasubiri jibu, soma imeili kwenye app ya simu badala ya webmail.

Ukihisi umeshaingiliwa, badili nywila na ufute data ya tovuti hiyo kwenye brauza. Halafu ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vichujio. Wapo wezi wanaoacha agizo la kuwatumia nakala ya kila imeili inayoingia, na hilo linabaki hata ukishabadili nywila. Usilolitambua, lifute.