Kiyoyozi cha gari kikiacha kupoza, usikimbilie kuongeza gesi

MADEREVA wengi wa Nakuru hugundua kwamba kiyoyozi cha gari kimeharibika siku ile wanapokihitaji zaidi. Wameshika njia ya Marigat, wameipita Mogotio, joto la bondeni limeanza kuwachoma, na hewa inayotoka kwenye dashibodi ni ya uvuguvugu.

Aghalabu hatua inayofuata huwa ni kuingia gereji na kuagiza gesi iongezwe. Kiyoyozi hupoza kwa wiki kadhaa, kisha hurudia hali yake ya awali, na mwenye gari hutoa pesa upya.

Ni muhimu kuelewa kwamba gesi hii si kama petroli. Haiteketei, huzunguka ileile kila siku ndani ya mfumo uliozibwa. Ni kweli kwamba hata mfumo mzima hupoteza kiasi kidogo mno kadiri miaka inavyopita, lakini gesi iliyojazwa jana ikaisha baada ya mwezi mmoja ina mahali inapovujia.

Kazi huanzia kwenye kompresa, ambayo katika magari mengi huzungushwa na mkanda wa injini. Kompresa huigandamiza gesi hadi ikawa moto, kisha gesi hupitia kondensa iliyo mbele ya rejeta, ikapoa na kugeuka majimaji. Majimaji hayo yanapopenya kwenye tundu jembamba la vali, shinikizo hushuka ghafla, nayo huwa baridi na kufyonza joto la hewa inayopulizwa ndani ya gari.

Wakazi wa Nakuru wana tatizo lao la pekee. Jiji hilo liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ya wastani huwafanya wengi wakae miezi bila kukigusa kiyoyozi. Mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Mfumo usipowashwa, sili za mpira hukauka na kuanza kuvuja. Magari mengi nchini nayo huwasili kutoka Japani yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa, na sili zake si changa.

Kwa hivyo, washa kiyoyozi kwa dakika kama kumi kila wiki, hata kukiwa na baridi. Wala usikione kuwa anasa tu. Kiyoyozi huondoa unyevu hewani, na dereva anayepita Mau Summit au Timboroa wakati wa ukungu hukihitaji ili kioo cha mbele kisifunikwe na mvuke.

Ukaguzi wa kwanza

Kabla ya kwenda kwa fundi, kuna mambo unayoweza kuyachunguza mwenyewe. Iwapo hewa inatoka kwa unyonge, kasoro huenda ni kichujio cha hewa, ambacho katika magari mengi hukaa nyuma ya kijisanduku cha mbele ya abiria. Vumbi la barabara za Gilgil na Njoro hukiziba upesi, na kukibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Iwapo hewa ni baridi gari likienda kasi lakini huwa ya joto kwenye msongamano, shuku feni ya kondensa, au uchafu uliokwama kwenye kondensa yenyewe. Ioshe kwa maji ya mfereji yasiyo na nguvu. Mashine za kuoshea magari hukunja vibati vyake vyembamba.

Iwapo hewa ni ya joto muda wote, fungua boneti injini ikinguruma na umwombe mwenzako awashe kiyoyozi. Simama mbali na mikanda. Katika magari yenye klachi ya kompresa, utasikia mlio mfupi inaposhika. Isiposhika, kagua fyuzi kwanza. Gesi ikipungua mno, swichi ya shinikizo pia huizuia klachi ili kompresa isiungue.

Hatimaye, tazama viungo vya paipu. Doa la mafuta lililoshika vumbi ni dalili kubwa ya mahali gesi inapotorokea.

Kazi ya fundi

Usifungue paipu mwenyewe, kwani gesi hiyo huweza kugandisha ngozi na kupofusha macho. Fundi stadi hutafuta uvujaji kwa naitrojeni na povu la sabuni, au kwa rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Akishaziba, hunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, maana unyevu ukichanganyika na mafuta huzaa asidi inayokula mitambo.

Hapa mwinuko una athari yake. Pampu ambayo Mombasa hufikisha geji karibu inchi 30 za zebaki haiwezi kupita takriban inchi 24 ikiwa Nakuru, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Geji ikikomea hapo, hiyo si hitilafu.

Gesi nayo hupimwa kwa uzani, si kwa kukisia. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, mara nyingi kati ya gramu 400 na 800. Ikizidi, ubaridi hupungua na kompresa huumia. Kataa kabisa gesi ya kupikia, kwa kuwa hushika moto. Magari ya haibridi yana kompresa ya umeme inayohitaji mafuta yake maalumu, na nyaya zake za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua.

Uvujaji huu hauumizi mfuko pekee. Gesi ya R-134a, inayotumika katika magari mengi, haiharibu tabaka la ozoni kama R-12 iliyoitangulia, lakini kilo moja yake huchangia joto duniani sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi.

Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Kabla ya kulipa, muulize fundi gesi ilikuwa ikivujia wapi, ameziba kwa kutumia nini, na ameweka gramu ngapi. Asiyeweza kujibu swali la kwanza amekuuzia ubaridi wa wiki chache tu.