Harambee ya kupinga bomu la nyuklia: Je, mkazi wa Gatuanyaga achangie kwa nini?

MKAZI wa Gatuanyaga akikabidhiwa kadi ya mchango huwa anakisia kinachoombwa kabla hajaifungua: karo ya mwanafunzi, gharama za hospitali, mazishi au paa la kanisa. Kadi ya kumwalika kwa chajio cha kuchangia vita dhidi ya silaha za nyuklia bila shaka angeisoma mara mbili.

Wadi hiyo ya eneobunge la Thika Mjini, iliyo upande wa barabara kuu ya kuelekea Garissa, haina uhusiano wa wazi na makombora. Bomu la nyuklia lililo karibu zaidi limehifadhiwa maelfu ya kilomita kutoka Munyu. Kwa hiyo anayepanga karamu kama hiyo sharti awe na jibu la swali ambalo kila mgeni atakuwa nalo moyoni: haya yatuhusu nini?

Jibu lenye uzito zaidi limo shambani. Urusi ilipoivamia Ukraine mnamo Februari 2022, bei ya mbolea na ngano ilipanda kote duniani. Nchini Kenya, gunia la mbolea la kilo 50 lilifika takriban Sh6,500 kabla ya serikali kutoa ruzuku mwezi wa Septemba mwaka huo na kulishusha hadi Sh3,500. Katika vita hivyo hakuna hata bomu moja la nyuklia lililorushwa.

Utafiti uliochapishwa Agosti 2022 katika jarida la kisayansi la Nature Food ulikadiria kwamba vita vya nyuklia baina ya India na Pakistan vingeweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni mbili, na vile vya Marekani na Urusi zaidi ya bilioni tano. Masizi ya miji inayoteketea hupanda juu kabisa angani, mahali ambapo mvua haiwezi kuyaosha, yakauziba mwanga wa jua kwa miaka kadhaa. Joto hupungua, mvua hupotea na mimea hudumaa. Mkulima anayetegemea mvua asingehitaji kuangukiwa na kombora ndipo aumie.

Aidha, Afrika si mgeni katika historia hii. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kuunda bomu lililoangushwa Hiroshima, Agosti 6, 1945, ilichimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga nchini Kongo. Kuanzia Februari 1960 hadi 1966, Ufaransa ililipua mabomu 17 ya majaribio katika jangwa la Sahara, nchini Algeria. Nayo Afrika Kusini ya enzi ya ubaguzi wa rangi iliunda mabomu sita, kisha ikayavunja; Rais F. W. de Klerk aliyatangaza hayo mnamo Machi 1993.

Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara hili kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini jijini Cairo Aprili 1996. Ulianza kutumika Julai 15, 2009, Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia. Kenya ni mwanachama.

Hata hivyo, kuna mkataba mwingine, na huu ndio unaoipa karamu ya Gatuanyaga shabaha. Julai 7, 2017, mataifa 122, Kenya ikiwemo, yalipitisha katika Umoja wa Mataifa mkataba wa kupiga marufuku kabisa silaha za nyuklia. Ulianza kutumika Januari 22, 2021. Tanzania ilitia saini 2019, nayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliuridhia 2022. Kufikia mwisho wa 2024, Kenya iliyoupigia kura ilikuwa haijautia saini.

Chini ya sheria ya mwaka 2012 kuhusu mikataba ya kimataifa, kuridhia mkataba huanzia Baraza la Mawaziri kisha hufika Bunge la Kitaifa, na umma sharti ushirikishwe. Maana yake ni kwamba mbunge wa Thika Mjini ana sauti katika jambo hili, na mpigakura wake wa Gatuanyaga ana haki ya kumwuliza. Barua, mikutano shuleni na nauli za kwenda kutoa maoni bungeni ndizo gharama ambazo harambee ndogo inaweza kuzimudu. Kuahidi kwamba mchango wa Sh500 utavunja makombora zaidi ya 12,000 yaliyoko duniani ni kuwahadaa wageni.

Wenye kazi hii hawakosekani nchini. Shirika la kimataifa la madaktari wanaopinga vita vya nyuklia, lililoanzishwa 1980 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani 1985, lina tawi Kenya, na lilifanyia kongamano lake la dunia mjini Mombasa mnamo Aprili 2023. Daktari anayeweza kueleza majeraha ya moto na ya mnururisho angefaa kuwa mgeni wa heshima kuliko mwanasiasa.

Na hapo pana sababu nyingine. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 tayari iliwawekea maafisa hao mipaka kuhusu harambee, na Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kuwa wamepigwa marufuku kushiriki michango ya umma. Bahasha nono ya mheshimiwa, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba harambee, si ya kutegemewa tena. Pengine ni heri.

Kukusanya fedha kutoka kwa umma nako kunasimamiwa na Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, hivyo kamati ifike kwanza katika afisi za serikali mjini Thika kuulizia leseni. Kikundi kisichosajiliwa kinaweza kufuata Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022.

Hesabu ya sahani pia ina mtego wake. Tuseme wageni 60 wananunua kadi kwa Sh1,000 kila mmoja. Hizo ni Sh60,000. Mukimo, kitoweo cha mbuzi na chai vikigharimu Sh400 kwa mgeni, Sh24,000 zimeliwa. Ukikodi hema, viti na vipaza sauti, kinachobaki huenda kisitoshe hata kuchapisha vijitabu. Ukumbi wa kanisa na sufuria za kuazima huokoa zaidi kuliko mnada wa keki.

Yupo mgeni atakayeuliza kuhusu mpango wa serikali wa kujenga kinu cha umeme wa nyuklia, uliozua maandamano Uyombo, Kilifi, mwaka 2024. Ni swali la haki, lakini ni kesi nyingine: mkataba wa 2017 haukatazi matumizi ya nyuklia kwa amani. Kamati ikubaliane mapema jinsi ya kulijibu, la sivyo chajio kizima kitaishia hapo.

Fedha zinazotumwa kwa M-Pesa zielekezwe kwa nambari ya kikundi, kamwe si simu ya mweka hazina, na orodha ya matumizi isomwe mbele ya waliochanga, hasa kwa vile hakuna darasa jipya wala paa watakaloonyeshwa.