Mfereji, Mizabibu na Matairi Manene: Languedoc kwa Baiskeli

Kati ya mji wa Toulouse na Bahari ya Mediterania, kusini mwa Ufaransa, upo mfereji wa kilomita 240 ambao wageni wengi huupita kwa mashua za kukodi, mwendo wa kinyonga. Ni Canal du Midi. Kandokando yake inapita njia waliyotembea farasi wakikokota mashua, na siku hizi imekuwa ya waendesha baiskeli. Ukitoka kwenye njia hiyo unaingia kwenye mizabibu, na mizabibu inapanda nawe hadi kwenye vilima. Nchi hii ni Languedoc. Anayetaka kuijua asikae kwenye mashua wala kwenye gari. Apande baiskeli, tena ya milimani, yenye tairi nene na shokapu za mbele.

Ushauri huo wa tairi si wa kujigamba. Toulouse humdanganya mgeni. Kilomita 50 hivi za kwanza zina lami safi, na mtu mwenye baiskeli nyembamba ya barabarani hujiona amefika peponi. Akishaingia mkoa wa Aude, lami inakwisha. Sehemu nyingi njia inakuwa mstari mmoja mwembamba wa udongo, kokoto na mizizi iliyoinuka juu ya ardhi, upande mmoja miti, upande mwingine maji. Hakuna ukingo. Kiangazi ardhi hukauka ikawa ngumu kama saruji, na mizizi hutikisa mikono mpaka vidole vinakufa ganzi. Halafu kuna mbigiri, hizihizi tunazozijua. Zimetambaa pembeni mwa njia zikingoja mpira wa mtu, kwa hiyo wazoefu hutia ndani ya tairi dawa ya maji inayoziba tundu yenyewe, na bado hubeba pampu.

Mfereji wenyewe ulichimbwa kati ya 1666 na 1681, enzi za Mfalme Louis XIV. Aliyeubuni, Pierre-Paul Riquet, hakuwa mhandisi. Alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi, tajiri mwenyeji wa Béziers, na sehemu kubwa ya utajiri wake iliishia kwenye mfereji huo. Wengi kabla yake walitamani kuunganisha bahari mbili wakakwama kwenye swali moja: maji yatoke wapi? Riquet aliona kwamba mahali pa juu kabisa pa njia, Naurouze, mita 189 kutoka usawa wa bahari, pangeweza kupata maji ya vijito vya milima ya Montagne Noire. Akajenga bwawa la Saint-Ferréol na mifereji midogo ya kuyaleta. Pale Naurouze maji hugawanyika: mengine hushuka kuelekea Atlantiki, mengine Mediterania. Vibarua walifika hadi 12,000, wanawake wakiwamo. Riquet alifariki 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa.

Mambo haya mwendesha baiskeli huyasoma kwa miguu. Kila penye lango la maji, pale mashua zinapopandishwa au kushushwa, njia hunyanyuka au hushuka ghafla kwa mita chache kisha hutulia. Baada ya lango la Argens hali hubadilika kabisa: kilomita 54 bila lango hata moja, hadi Fonsérannes karibu na Béziers. Ili kukwepa malango, wachimbaji waliufuata mkunjo wa kila kilima, na ndiyo maana mfereji unazunguka sana. Kijiji unachokiona ng'ambo, jua likiwa usoni, utakifikia baada ya nusu saa likiwa mgongoni. Fonsérannes yenyewe ni ngazi ya maji: vyumba vinane vilivyopangana, vilivyojengwa ili mashua zishuke zaidi ya mita 20. Watazamaji hujazana pale. Mimi naona Malpas, kilomita chache kabla, panastahili zaidi. Kilima kimoja kimetobolewa mara tatu: juu mfereji wa Riquet, chini yake reli ya karne ya 19, na chini zaidi mtaro wa karne ya 13 uliokausha ziwa la Montady. Ukipanda hadi magofu ya Ensérune unaliona ziwa hilo la zamani lote, limekuwa mashamba ya pembetatu yanayokutana katikati.

Upepo nao ni wa kuhesabiwa. Unaotoka kaskazini-magharibi huitwa Cers; ni mkavu, na unaweza kuvuma siku nyingi mfululizo. Wenye akili huanzia Toulouse kwenda baharini, wausikie mgongoni. Wanaoelekea Toulouse hukanyaga pedali kwenye tambarare huku wameweka gia ya kupandia mlima.

Kivuli nacho si kama zamani. Picha zote za mfereji huu zinaonyesha miti ya platani iliyofunga dari juu ya maji. Ilikuwa kama 42,000. Mwaka 2006 uligunduliwa humo ugonjwa wa kuvu usio na tiba, ambao inaaminika uliletwa Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndani ya mbao za masanduku ya risasi ya jeshi la Marekani. Maelfu kwa maelfu ya miti yamekatwa na kuchomwa, na miche ya aina mchanganyiko imepandwa badala yake. Kuna vipande virefu ambako utapikwa na jua. Anayekwambia njia yote ina kivuli hajafika huko miaka ya karibuni.

Mfereji, pamoja na sifa zake, huchosha. Maji, miti, daraja. Maji, miti, daraja. Raha yenyewe iko pale unapoupa kisogo. Mahali pazuri pa kufanya hivyo ni Homps, bandari ndogo ya zamani ya divai. Kutoka pale unapita Olonzac na Azillanet hadi Minerve, safari isiyofika kilomita 15 kwa barabara, lakini ukifuata njia za mashambani unaweza kuizungusha ikawa ya kutwa nzima. Njia za baiskeli za milimani Ufaransa huwekewa vibao vyenye pembetatu moja na duara mbili. Rangi hutaja ugumu: kijani ni rahisi sana, buluu rahisi, nyekundu ngumu, nyeusi ni ya wenye roho ngumu.

Mwanzoni unapita katikati ya mistari ya mizabibu kwenye alama za magurudumu ya trekta. Mkulima wa Dodoma, aliyezoea kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, angeshangaa: hapa ni mara moja tu. Mzabibu hulala wakati wa baridi, hupogolewa, huchipua masika na kuvunwa kuanzia mwisho wa Agosti. Mingi imefungwa kwenye waya ili mashine ipite juu yake. Lakini tafuta shamba la mizabibu ya zamani ya aina ya Carignan. Haina waya wala nguzo. Ni kisiki kinachofika magotini, cheusi, kimejipinda, chenye matawi machache yanayoelekea juu, na ni lazima mtu ainame akivune kwa mkono. Juu zaidi udongo mwekundu unaisha, mawe ya chokaa yanaanza, na mizabibu inaupisha msitu mfupi wa mialoni ya miiba na zaatari. Hapo ndipo shokapu zinapolipa gharama yake: mawe yanakimbia chini ya tairi, na breki zinanuka.

Minerve imekaa juu ya mwamba kati ya mabonde mawili, la mto Cesse na la mto Brian. Kiangazi Cesse hukauka, na unaweza kutembea kwenye mahandaki ambayo mto huo umejichimbia chini ya mwamba. Mwaka 1210 jeshi la vita vya msalaba, likiongozwa na Simon de Montfort, lilikizingira kijiji. Kiliposalimu amri, Wakathari wapatao 140, waliohesabiwa na Kanisa kuwa wazushi, walikataa kuikana imani yao wakachomwa moto.

Ukishuka kwa upande wa mashariki unaweza kupitia Argeliers. Tarehe 11 Machi 1907 wanaume 87 wa kijiji hicho, wakiongozwa na Marcelin Albert, walikwenda Narbonne kulalamikia bei ya divai iliyokuwa imeanguka. Miezi mitatu baadaye Montpellier ilijaa waandamanaji mamia ya maelfu, na serikali ikatuma askari. Watu waliuawa Narbonne. Leo bei inasumbua tena: Wafaransa wanakunywa divai kidogo kuliko wazazi wao, na wakulima hulipwa kung'oa mizabibu. Utayaona mashamba matupu yaliyoachiwa vichaka. Agosti 2025 moto ulikula kama hekta 16,000 katika vilima vya Corbières, ng'ambo ya pili ya bonde, na wakulima walisema waziwazi kwamba shamba lililolimwa lingeuzuia na kichaka kiliulisha. Sijaona jibu walilopewa.

Machache ya kujua kabla ya kwenda. Julai na Agosti ni joto kali, na siku za hatari ya moto vilima hufungwa kwa amri ya mkoa. Kuanzia Septemba wawindaji wa nguruwe mwitu wako porini na bunduki, hasa wikendi. Vaa nguo ya rangi kali, na ukikuta kibao cha uwindaji geuza. Trekta likipuliza dawa, subiri mbali. Asiyetumia kileo asiogope kupiga hodi kwenye maghala ya ushirika, kwani baadhi huuza pia maji ya zabibu. Anayetumia ajue kwamba kipimo cha ulevi cha madereva kinamhusu na mwendesha baiskeli.

Kama una siku tatu tu, iache Toulouse na uiache hata Carcassonne, ambayo imeshaandikwa vya kutosha. Chukua treni ya mkoa, inapokea baiskeli, shukia Lézignan-Corbières. Homps iko kama kilomita kumi kutoka stesheni. Nenda Mei.